Mawe ya Wadi Bih yana habari ya bahari iliyokufa miaka milioni 252 iliyopita

DUBAI – Hali ya hewa ikishapoa, familia nyingi za hapa Dubai hufunga safari ya Ras Al Khaimah. Chupa ya chai, mkeka, samaki wa kuchoma, watoto nyuma ya gari, na moja kwa moja mpaka Wadi Bih au juu Jebel Jais. Watu wanafuata baridi na mandhari. Wachache wanaojua kwamba yale mawe ya kijivu pembeni mwa wadi yalifanyika ndani ya bahari, na kwamba wanasayansi wa Ulaya wamekuja kuyachukua vipande na kuyapima. Ndani yake mna habari za msiba mkubwa kuliko yote uliowahi kuvikumba viumbe vya baharini.

Habari hiyo inatuhusu sisi wa Ghuba zaidi ya tunavyodhani.

Msiba wenyewe

Wakati huo mabara yote yalikuwa yameshikana, nchi kavu moja kubwa ambayo wataalamu wanaiita Pangea. Arabuni ilikuwa ukingoni, ikitazama bahari iitwayo Tethys. Pale ilipo milima ya Musandam na Ras Al Khaimah palikuwa na maji ya kina kifupi, ya joto, yenye sakafu ya chokaa.

Bahari za zama zile zilijaa viumbe. Kulikuwa na matumbawe ya jinsi ambazo leo hazipo tena. Kulikuwa na brakiopodi, ambao kwa nje utadhani ni kombe lakini si jamaa zake. Kulikuwa na amonaiti, jamaa za ngisi na pweza waliobeba gamba lililojiviringa, na krinoidi, jamaa za kiti cha pweza waliosimama juu ya shina kama maua. Tena kulikuwa na fusulinidi, viumbe vya seli moja tu vyenye gamba, vingi vikiwa mfano wa punje ya mchele. Trilobaiti nao, waliokuwa wameishi baharini zaidi ya miaka milioni 250, walikuwa bado wapo, ingawa wachache.

Kisha volkano zikalipuka Siberia. Usifikirie mlima mmoja unaotoa moshi. Ardhi ilipasuka, uji wa moto ukatapakaa juu ya eneo la mamilioni ya kilomita za mraba, na ulipopita chini ya ardhi ukaunguza makaa ya mawe. Hewa ya ukaa ikajaa angani. Bahari ikapata joto, na maji ya moto hayashiki oksijeni vizuri kama maji ya baridi. Sehemu ya hewa ile ikayeyuka ndani ya maji na kuyafanya makali, yaani yenye asidi.

Makadirio yanasema kati ya aina 8 na 9 katika kila aina 10 za viumbe vya baharini zilitoweka. Fusulinidi hawakubaki. Trilobaiti hawakubaki. Matumbawe ya zamani yakaisha yote, na haya tunayoyaona leo Fujairah, Zanzibar na Mombasa ni ukoo mwengine uliokuja baadaye.

Kwa nini Wadi Bih

Mawe ya zama hizo yapo sehemu nyingi. Kipimo rasmi cha dunia kiko Meishan, China, na ndiko ilikopatikana tarehe ya miaka milioni 252. Lakini mawe ya Wadi Bih yana faida yake. Ni chokaa iliyojijenga taratibu kwenye maji mafupi, tabaka juu ya tabaka, na chokaa hutunza alama za maji yaliyoizaa.

Alama moja ni boroni. Boroni ina aina mbili, nyepesi na nzito, na kiasi cha kila moja kinachoingia katika chokaa hufuata ukali wa maji. Pima boroni ya tabaka moja baada ya jengine, utajua maji yalikuwa makali lini na kwa muda gani.

Kazi hiyo ilifanywa na timu iliyoongozwa na Matthew Clarkson, akiwa pamoja na Rachel Wood wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, na matokeo yakatoka katika jarida la Science mwezi wa Aprili 2015. Waligundua kwamba msiba ulikwenda kwa vipindi viwili ndani ya miaka kama 60,000. Katika kipindi cha kwanza, cha miaka kama 50,000, viumbe vingi vilikufa lakini asidi ya bahari haikupanda sana. Kipindi cha pili kilikuwa kifupi, miaka kama 10,000. Hapo hewa ya ukaa iliingia kwa kasi kubwa, maji yakawa makali, na wenye magamba mazito ya chokaa ndio walioumia zaidi.

Mtoto akikuuliza kwa nini kasi ina maana hivyo, mwonyeshe sinki la jikoni. Ukifungua bomba kidogo, maji yanapita shimoni na hakuna tatizo. Ukilifungua lote, sinki linafurika, na shimo ni lilelile. Bahari nayo ina njia zake za kupunguza asidi, ila ni za polepole.

Waliookoka walikuwa wapi

Baada ya msiba, bahari za dunia zilifanana ajabu. Kombe mmoja mwembamba aitwaye Claraia anapatikana katika mawe ya Italia, Pakistan, China, Greenland na Marekani. Ni kama mji ambao maduka yote yamefungwa, ikabaki aina moja ya duka kila mtaa.

Lakini kufa hakukuwa sawa kila mahali. Mwaka 2018 Justin Penn, Curtis Deutsch na wenzao walichapisha hesabu walizozifanya kwa kompyuta na kuzilinganisha na visukuku. Viumbe vya maji ya joto vilipata hasara kubwa, lakini baadhi yake viliweza kuhama kufuata maji yanayowafaa. Walioishi karibu na ncha za dunia ndio walioangamia zaidi. Walizoea baridi na oksijeni nyingi, na baridi ilipoondoka hawakuwa na mahali pengine pa kukimbilia.

Na hapa jirani zetu Oman wana ushahidi wa upande wa pili. Katika milima ya Hajar kuna pahala panaitwa Wadi Wasit, penye pande la mawe lililofanyika juu ya mlima uliokuwa chini ya bahari. Kilele chake kilikaribia uso wa maji, ambako mawimbi huchanganya maji na hewa, kwa hivyo oksijeni haikukatika. Richard Twitchett na wenzake waliandika mwaka 2004 kwamba humo mna konokono, kombe na krinoidi wengi kwa aina, wa mwanzo kabisa wa zama mpya. Sehemu nyingi nyengine za dunia zilingojea mamilioni ya miaka mpaka zikapata mchanganyiko kama ule.

Kwa hiyo mambo mawili yaliamua nani abaki: kasi ya mabadiliko, na mahali kiumbe alipokuwa.

Wenye asili ya Ngazija au Tanga wanamjua mmoja katika walionusurika. Ni silikanti, gombessa kwa Wangazija. Mawe ya mwanzo wa zama mpya huko kaskazini mwa Madagascar yana visukuku vya silikanti wa jina la Whiteia. Ukoo wao ulivuka msiba ule, na baadaye ukavuka hata ule uliowamaliza dinosaria. Wataalamu walidhani umeshakwisha, mpaka mwaka 1938 alipovuliwa mmoja Afrika Kusini. Wa Tanga walianza kuingia kwa wingi katika nyavu za wavuvi kuanzia 2003, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yao.

Sisi na Ghuba yetu

Mawe ya zama hizo hayapo milimani tu. Yamepita chini ya Ghuba pia, kwa jina la Khuff, na ndani yake imejaa gesi. Uwanja mkubwa kuliko yote duniani wa gesi, ule wa Qatar na Iran, uko ndani ya mawe hayo. Yaani tabaka zinazotusimulia madhara ya hewa ya ukaa ndizo hizohizo zinazowasha taa na viyoyozi vya nyumba nyingi za eneo hili. Hakuna wa kulaumiwa kwa mahali gesi ilipokaa, lakini ni jambo la kufikiri.

Timu ya mwaka 2015 ilikadiria kwamba kaboni yote iliyoingia angani wakati ule ni nyingi kuliko akiba ya mafuta, gesi na makaa iliyopo leo. Kwa upande huo hatujafika huko. Lakini kasi ya kila mwaka waliiona inakaribiana na ya siku hizi.

Na mahali petu si pazuri. Bahari ya Ghuba ni ya kina kifupi, wakati wa kiangazi maji yake hupita nyuzi 35, na mlango wake ni Hormuz tu. Samaki wa pwani ya Afrika Mashariki joto likimzidi anaweza kusogea. Wa Ghuba akielekea kaskazini anafika Kuwait, basi, mwisho wa njia. Amekuwa kama wale wa ncha za dunia.

Matumbawe ya hapa ni magumu, yanastahimili joto ambalo lingeyaua ya kwengine. Hata hivyo joto la mwaka 2017 liliyapausha, na katika vituo vilivyochunguzwa pwani ya Abu Dhabi zaidi ya theluthi mbili yakawa yameshakufa ilipofika 2018. Hamour na safi tunaowaweka kwenye sahani wanaitegemea bahari hiyohiyo.

Ukienda na watoto

Wadi Bih usitarajie kuona makombe makubwa ukutani. Waonyeshe tabaka zilivyopangana, na waambie ya chini ndiyo ya zamani zaidi. Epukeni siku za mvua, kwani mafuriko ya wadi hayapigi hodi.

Wakitaka visukuku vya kuonekana kwa macho, wapelekeni Buhais Geology Park huko Sharjah, iliyofunguliwa 2020. Mawe yake ni ya bahari nyengine, ya mwisho wa zama za dinosaria. Mna humo rudisti, kombe wakubwa waliojenga miamba kama matumbawe, ambao walimalizwa na msiba wa miaka milioni 66 iliyopita. Kwa safari mbili mtoto atakuwa amesimama karibu na misiba miwili mikubwa, na yote miwili unaifikia kutoka Dubai ukarudi jioni.

Mkiona kisukuku popote, kipigeni picha mkiache. Kikishatolewa katika tabaka lake, hakuna tena wa kusema kilikuwa hai kabla ya msiba au baada yake.