Mkono wa mzazi ukivimba, usiseme ni uchovu

Kama uko Funyula na kwenu kuna mzazi anayesafishwa damu, huenda ni wewe unayemsindikiza hadi Busia mjini na kumngoja kama saa nne hivi. Basi ukiwa hapo, mwangalie mkono.

Baadhi ya wagonjwa wa figo pia wamewekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo. Nyaya zake hupitia mshipa mkubwa chini ya mtulinga hadi moyoni. Miaka ikienda, kovu huota na njia ya damu hubana. Sasa fistula, ule mshipa wa kudungia sindano, ikiwa mkono huohuo, damu nyingi hukwama njiani. Mkono unavimba, mishipa inachomoza kifuani, na sindano ikitolewa damu inachelewa kukatika.

Huo si uchovu, mjulishe daktari. Mshipa hupanuliwa kwa puto dogo, japo mara nyingi hubana tena na kazi ikarudiwa. Stenti nayo inaweza kuzibana nyaya ukutani, iwe shida kuzitoa zikipata maambukizi.

Heri kusema mapema. Kifaa kiko kushoto? Kabla fistula haijatengenezwa, uliza kama inaweza kuwekwa kulia. Kuuliza hakulipiwi.