Insha ya Kiingereza na Mbuyu wa Chimwaga

Mtihani wa kidato cha nne ukikaribia, husikia vijana wa hapa Dodoma wakikariri insha za Kiingereza kuhusu bahari wasiyopata kuiona. Swali likigeuzwa kidogo tu, walichokariri hakiwafai kitu.

Insha ya wasifu humtaka mtahiniwa amfanye msomaji aone. Basi mwanafunzi atoke na daftari. Hapa Chimwaga, kilipo Chuo Kikuu cha Dodoma tangu 2007, achague kitu kimoja, tuseme mbuyu. Autazame kwa mbali, kisha ausogelee: umbo lake, gome, mvumo wa upepo mkavu, harufu ya vumbi. Aandike kwa sentensi fupi za Kiingereza. Kitenzi kimoja kinachofaa chashinda sifa tatu. Akianza na wakati uliopita, amalize nao. Wiki ijayo aende Soko la Majengo, nyingine shamba la mizabibu.

Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili macho anayo. Alichopungukiwa ni maneno ya Kiingereza, na maneno huja kwa mazoezi. Mzazi mwenzangu, mnunulie daftari, umpunguzie kazi za jioni kwa nusu saa.