Sindano ya Kweli, Sindano Bandia na Kiuno Kinachouma

Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani walitoa matokeo ambayo bado yanajadiliwa. Wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza lilipata akupancha, yaani tiba ya kuchoma sindano, kwa kanuni za Kichina. La pili lilichomwa sindano za juu juu, mahali pasipohesabiwa kuwa pointi za tiba. La tatu liliendelea na dawa, tiba ya viungo na mazoezi. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu walikuwa asilimia 47.6 katika kundi la kwanza, 44.2 katika la pili na 27.4 katika la tatu.

Mtetezi wa akupancha hushika namba ya kwanza na ya tatu. Mpinzani wake hushika ya kwanza na ya pili.

Kiini cha mvutano ni hiyo sindano bandia. Kidonge kisicho na dawa hutengenezwa kwa urahisi, lakini utamchomaje mtu bila kumchoma? Mwaka 1998 Konrad Streitberger wa Heidelberg alieleza sindano yenye ncha butu, inayorudi ndani ya mpini ikigusa ngozi, mgonjwa akiamini imeingia. Hata hivyo mguso wenyewe huamsha mishipa ya fahamu, kwa hiyo huenda "bandia" nayo hutibu kidogo. Andrew Vickers na wenzake walipounganisha, mwaka 2018, taarifa za wagonjwa 20,827 kutoka majaribio 39 ya maumivu sugu, akupancha iliishinda ile bandia kwa kiasi kidogo, na ikawashinda kwa tofauti kubwa zaidi wasiochomwa kabisa. Sehemu kubwa ya nafuu ilikuwa bado ipo mwaka mmoja baadaye. Kwa mtu asiyeweza kuinama kufunga kamba za viatu, hilo si jambo dogo.

Maabara nazo zimeanza kutoa majibu. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliona kwamba sindano ikizungushwa kwenye mguu wa panya, adenosini, kemikali inayotuliza maumivu, huongezeka papo hapo. Mwaka 2021 timu ya Qiufu Ma wa Harvard ilibaini neva za mguuni ambazo, zikiamshwa kwa umeme hafifu kupitia sindano, hupunguza uvimbe mwilini mwa panya. Kuchoma tumboni hakukutoa matokeo hayo. Kumbe mahali pa kuchoma huenda pana uzito wake.

Tiba nyingine ya Kichina, moksa, yaani kuunguza majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga karibu na ngozi, iko nyuma kiushahidi. Joto, moshi na harufu havifichiki, na majaribio mengi ni madogo. Hatari ya kuungua nayo ipo, hasa kwa wenye ganzi ya miguu kutokana na kisukari.

Tangu Januari 2020 Medicare, bima ya afya ya wazee Marekani, hulipia vipindi hadi 12 vya akupancha ndani ya siku 90 kwa maumivu sugu ya kiuno, na 8 zaidi mgonjwa akionyesha maendeleo. Jaribio la huko la watu 800 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea, lililochapishwa mwaka 2025, halikutumia sindano bandia kabisa. Lilipima kama mzee anayeongezewa akupancha anamudu shughuli zake vizuri zaidi kuliko anayebaki na matibabu ya kawaida tu. Baada ya mwaka mmoja, tofauti ilikuwa bado inaonekana.