Usiuze baiskeli bado: maumivu ya wiki za kwanza

Ujumbe ulitufikia kipindi cha asubuhi kikiwa hewani. Mama mmoja, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, alinunua baiskeli ili apumzike kulipa bodaboda kila siku. Ni kilomita 9 kwenda, 9 kurudi. Siku ya nne akatuandikia: "Siwezi kukaa, goti linauma, mikono inakufa ganzi. Niuze?" Tulipousoma, simu zikafuatana. Kumbe hayuko peke yake. Muda wa hewani haukutosha, ndiyo maana tunaandika hapa.

Maumivu ya mapaja na vigimbi yasikutishe. Huanza kesho yake, hukolea siku ya pili au ya tatu, kisha huisha yenyewe. Ni misuli inayofanya kazi isiyoizoea. Kutembea taratibu husaidia kuliko kulala kutwa.

Makalio nayo yana hadithi yake. Ukiwa juu ya kiti, uzito unabebwa na mifupa miwili ya kukalia, na nyama iliyo juu yake haijazoea kubanwa. Wengi wetu hukimbilia kufunga sponji nene. Kwa safari fupi sawa, lakini kwa safari ndefu sponji laini hudidimia, kisha hubana katikati, mahali pasipotakiwa kubanwa. Afadhali uinuke kidogo juu ya pedali kila ukifika kwenye makorongo, na uepuke nguo ya ndani yenye mshono mnene, maana huchubua.

Goti mara nyingi ni kosa la kiti. Pima hivi: mtu akushikie baiskeli, kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinamia upande mmoja. Ukiendesha sasa kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjwa kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Wanaoanza hushusha kiti ili miguu yote miwili ikanyage chini. Tunaelewa, njia zetu zina mchanga na kuanguka kunaogopesha. Basi kipandishe kidogo kidogo, kila wiki kidogo. Goti likiuma kwa mbele, huenda kiti kiko chini mno. Likiuma kwa nyuma, huenda kimepanda mno. Fundi mwenye spana humaliza kazi hiyo kwa dakika chache.

Ganzi ya mikono hutokana na kuegemea usukani. Legeza viwiko, badilisha mshiko mara kwa mara, na hakikisha pua ya kiti haijainama mbele, kwani hukusukumia uzito wote viganjani.

Pumzi je? Nenda mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba. Kwenye mlima shuka, sukuma. Hakuna atakayekucheka, na akicheka mpe yeye baiskeli apande. Kagua upepo pia: tairi laini huchosha kuliko mlima. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mama yetu akitumia dakika 45 kwenda na 45 kurudi, siku mbili tu zinampitisha hapo.

Yapo ya kupeleka kituo cha afya bila kusubiri: kifua kubana, kizunguzungu, goti kuvimba, au ganzi ya sehemu za siri isiyoisha baada ya kushuka. Mwenye presha au ujauzito amuulize mtoa huduma kabla ya kuanza.

Tulimshauri mama aendeshe Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, siku nyingine apande bodaboda kama zamani. Juzi ametuandikia tena: kiti kimepandishwa vidole vitatu, goti limetulia, makalio bado. Tumemwambia ayape wiki mbili.