Je, Wajua? Waluba walisoma historia kwa ncha ya kidole

Kabla ya madaftari, Waluba wa Katanga walihifadhi historia ya ufalme wao kwenye lukasa: ubao mdogo wa mti uliopambwa kwa shanga, kauri au alama za kuchonga.

• Waliousoma ni wajuzi wa chama cha Mbudye, waliofundishwa hatua kwa hatua.

• Msomaji aliushika kwa mkono wa kushoto, akazifuata shanga kwa kidole cha mkono wa kulia huku akisimulia habari za wafalme, koo na safari zao.

• Ubao uleule ulisimuliwa tofauti kulingana na msimuliaji na hadhira yake.

Siri ya mbinu hii ni umakini. Akili hushika mambo machache tu kwa wakati mmoja; mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller alikadiria kuwa ni karibu 7. Jicho, kidole na sauti vikielekezwa kwenye jambo moja, kumbukumbu hupata mizizi.

Mwanafunzi, jaribu leo: weka simu mbali, fuata mstari kwa kidole, kisha funika daftari useme kwa sauti ulichosoma.