Kazi Mbili kwa Mashine Moja: Kutangaza na Kuhifadhi Ibada kwa Kamera Nyingi

1. Utangulizi

Utangazaji si jambo geni kwa Walutheri. Tangu mwaka 1963 hadi 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani liliendesha kituo cha redio mjini Addis Ababa, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zake. Leo kazi hiyo imefika kwenye meza ya usharika, yenye kompyuta moja na kamera tatu. Katika makala haya tunaeleza kwa nini kompyuta hiyo huelemewa, na namna ya kuipunguzia mzigo.

2. Chanzo cha mzigo

Picha moja ya video yenye nukta 1,920 kwa 1,080, kabla ya kubanwa, huchukua takriban megabaiti 3. Kwa picha 30 kila sekunde, hizo ni megabaiti zipatazo 90. Waya wa USB 2.0 haupitishi zaidi ya megabaiti 60 kwa sekunde. Kwa hiyo kamera hubana picha, kompyuta huzifungua, kisha huzibana upya: mara moja kwa matangazo, na tena kwa kila rekodi. Prosesa ikizidiwa, picha hukwama na sauti huachana na midomo.

3. Namna ya kuupunguza

Kwanza, ukubwa wa picha ushuke hadi nukta 1,280 kwa 720. Kazi hupungua kwa zaidi ya nusu. Pili, picha zibanwe mara moja tu, na zao hilo litumike kwa matangazo na kwa rekodi pia. Programu ya OBS Studio huruhusu hivyo. Tatu, kazi ya kubana ikabidhiwe kadi ya michoro, kama ipo. Nne, anayetaka rekodi ya kila kamera aiache kamera ijirekodi kwenye kadi yake. Tano, rekodi iandikwe kwa muundo wa MKV, kwa kuwa faili la MP4 lililokatwa na umeme kabla ya kufungwa kwa kawaida halisomeki.

4. Mfano wa ufuoni

Tuchukue ibada ya maziko Mbamba Bay, watoto wa marehemu wakiwa Mbinga na Dar es Salaam. Intaneti ikikatika, matangazo hupotea, lakini rekodi hubaki. Kwa kasi ya kilobiti 2,500 kwa sekunde, saa moja huhitaji gigabaiti 1.1 tu. Basi prosesa ikizidiwa, tupunguze ubora wa matangazo kabla ya kuhatarisha rekodi.

5. Hitimisho

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha saba, halitaji wingi wa vyombo, bali Injili ihubiriwayo kwa usafi na sakramenti zitolewazo ipasavyo. Kamera ya tatu, inayoelekezwa kwenye uso wa mjane anayelia, huielemea kompyuta na humwelemea mjane pia. Tukiizima, tumewatendea haki wote wawili. Na mtoto aliye mbali bado atalisikia Neno lililonenwa juu ya kaburi la mzazi wake.