Saratani ya mji wa mimba na jaruba la kwanza

Watu wa wilaya ya Kyela hawahitaji kufundishwa limfu ni nini. Wanajua matende: mguu unaovimba kwa sababu minyoo iliyoletwa na mbu imeharibu vijia vya limfu, maji ya mwili yakakosa pa kupita. Vijia hivyohivyo ndivyo saratani ya mji wa mimba huvipitia inapohama.

Nasema saratani ya utando wa ndani wa mji wa mimba, siyo ile ya mlango wa kizazi ambayo kina mama wamezoea kuitiwa vipimo. Dalili yake kubwa ni damu kumtoka mama aliyekwisha koma hedhi. Tiba ya msingi ni upasuaji: mji wa mimba hutolewa pamoja na mirija na ovari. Hapo ndipo swali huja. Je, imeshafika kwenye tezi za limfu za nyonga? Jibu husaidia sana kuamua kama mama ataenda nyumbani au ataendelea na mionzi na dawa.

Zamani tulizipapasa tezi hizo. Vidole, kwa bahati mbaya, hudanganya: katika utafiti wa Marekani wa mwaka 1987 uliohusisha wanawake 621, miongoni mwa waliokutwa na saratani kwenye tezi, wenye tezi zilizovimba wazi hawakufika mmoja kati ya kumi. Basi wapasuaji wakaamua kuzizoa zote. Mguu ukalipa gharama, maana tezi zikiondoka limfu hukwama na mguu huvimba. Huku kwetu majirani watasema ni matende tu. Tena utafiti ulioongozwa kutoka Uingereza, wenye wanawake 1,408, ulipochapishwa mwaka 2009 haukuona kwamba kuzizoa kuliwaongezea maisha wenye ugonjwa wa mapema.

Mkulima wa mpunga ataelewa njia ya sasa upesi kuliko mwanafunzi wangu. Ukifungulia maji mferejini, kuna jaruba linalolowa kabla ya mengine. Mama akiwa nusu kaputi, mpasuaji huchoma rangi ya kijani kwenye mlango wa kizazi, kisha kamera maalumu huonyesha rangi ikitambaa hadi tezi ya kwanza, kulia na kushoto. Hiyo, tuiite tezi mlinzi, ndiyo hutolewa. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2017, wanawake 36 waliokuwa na saratani kwenye tezi walipatikana na tezi mlinzi, nayo iliwafichua 35. Rangi ikigoma kupita upande mmoja, tezi za upande huo huondolewa.

Tezi yaweza kugandishwa na kusomwa mgonjwa akiwa bado mezani, ila chembe chache za saratani hupita bila kuonekana. Jibu la kuaminika zaidi huja siku kadhaa baadaye, kutoka maabara ya patholojia.

Mama, kabla ya kupasuliwa mwambie daktari kama mguu wako umewahi kuvimba. Baada ya hapo omba karatasi ya majibu: tezi ngapi zilitolewa, ngapi zina saratani. Ukipanda gari kupitia Tukuyu hadi Mbeya kwa matibabu, au ukipewa rufaa hadi taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, usiiache nyumbani.